Mtoto wa Kilo Mbili

Kilianza kilio chembamba na kikali, kama cha kichanga, na mashine ya kusaka dhahabu ikatetemeka mkononi mwa Lushinge. Akachimba shimo la kina cha kiuno, akatoa pande la kilo mbili, kisha akakaa chini asijue acheke au alie.

Kwa sheria, pande linalozidi kilo moja haliuzwi. Ni mtoto wa aliyelichimbua: hupewa jina, kitanda na nafasi katika daftari la nyumba. Na kila nyumba ina nafasi mbili tu za watoto. Anayezidi huchukuliwa.

“Umelileta la nini hapa?” mkewe Minza alimaka, mikono juu ya tumbo la miezi minane. “Nafasi ya kwanza ni ya Nkwimba, ya pili ya huyu. Karani wa daftari hajafika bado, lirudishe ulikolitoa!”

“Nililisikia likilia, mama Nkwimba. Ningeliachaje?”

“Iliyolia ni mashine, mwanamume wewe!”

Alijua mkewe amesema kweli. Basi mbona mikono yake ilikataa kuliweka chini? Nkwimba, mwenye miaka mitano, akampokea, akalifunga mgongoni kwa kanga na kuanza kulibembeleza. Nje, pikipiki ya karani ilisikika ikikata kona.

“Baba, hutamtupa mdogo wangu?”

Lushinge akalitazama tumbo la mkewe. Alitaka kusema neno jingine kabisa.

“Sitamtupa, mwanangu,” akasema. “Nakuahidi.”