Kisu Kinacholia

"Kishike kama umo kwenye theluji," baba aliniambia, nami nikakishika.

Kilikuwa kisu cha kumi na moja tangu asubuhi, pale kwa mhunzi wa soko la Naryn. Baba alitaka chuma kizito cha kuvunjia barafu na kupasulia kuni, maana dhoruba ikikufungia mlimani, kisu ndicho nduguyo. Moyo wangu ulipiga vigelegele. Miaka mitatu nimevusha kondoo wake mlimani nikiwa na kisu cha jikoni tu. Hatimaye ameona.

Vilibaki viwili, vimefanana kama mapacha.

"Ala ikae kulia au kushoto?" mhunzi aliuliza.

"Kushoto. Tilek wangu hutumia kushoto. Mwaka huu anavusha yeye, dume la nyumba."

"Na huyu binti?"

"Mkono wake ni sawasawa na wa mdogo wake, ndiyo maana nimemleta." Baba akacheka. "Halafu ana masikio. Yangu yameshakufa."

Mhunzi akatugeuzia mgongo, akaanza kukata ngozi ya ala. Baba akavigonga visu kwa ukucha. Kisu kizima hulia. Chenye ufa ndani huwa bubu. Cha kwanza kililia kama kengele. Cha pili kikasema "tik," kikanyamaza.

"Kipi kinalia, mwanangu?"

Nilikitazama kidole changu cha shahada, ncha yake iliyoliwa na baridi mwaka juzi nikivusha kondoo. Nikakinyoosha hichohicho.

"Hicho cha pili, baba."