Jembe la Masunga

Siku hizi video za ngoma hujirekebisha zenyewe mtandaoni, mpaka miguu yote ikanyage pamoja. Minza, anayeendesha chaneli ya kikundi chao cha bugobogobo, ngoma ya kucheza na majembe, alimwonyesha mama yake, Nkwimba, jinsi watazamaji walivyoongezeka.

Nkwimba hakujali watazamaji. Alisogeza ungo wa mchicha, akamtafuta kwenye video marehemu mumewe, Masunga, pale anaporusha jembe juu, linamponyoka, naye anacheka mpaka anashika magoti. Miaka sita amechambua mboga akikisikiliza kicheko hicho.

Jembe lilipanda, likashuka. Masunga akalidaka. Hakucheka.

“Nirudishie ile video alipodondosha jembe.”

“Ipi hiyo, mama?” Minza alimtazama kwa upole. “Baba hakuwahi kudondosha jembe.”