Mama Mkwe wa Mwalimu

Kwa miezi mingi Eufrasia alijifunza Kiingereza akiwa nje, ameegemea ukuta wa darasa la jioni la wachimbaji wa Geita. Mwalimu alikuwa mume wa binti yake, na kwa desturi ya Kisukuma mama mkwe hakai mbele ya mkwewe; mwiko huo ukivunjwa, hutozwa faini.

Jioni hiyo alikuja mkaguzi. Kama asingepata hata mmoja aliyeelewa, darasa lingefungwa.

"*Dig* ni kuchimba," mkaguzi alisema. "Nani ataiongezea *-ing*?"

Mchimbaji mmoja aliandika *diging* ubaoni, mkaguzi akafuta. Wa pili naye akafutiwa.

Eufrasia alijua kwamba ile *g* huandikwa mara mbili. Alikuwa ameichora mavumbini kwa kidole mpaka ukucha ukalika. Akajifunika kanga hadi machoni, akaingia.

"Mwalimu, tafuta mbuzi wa faini," mtu alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

"Huyu ni mwanafunzi wako?" mkaguzi aliuliza.

Mwalimu aliweka mezani kipande cha chaki, kidogo kama jino la mtoto, akageukia dirishani.

"Ni mwanafunzi wangu," alisema, na Eufrasia akanyoosha mkono kuichukua chaki.