Penye Jina la Mwandishi

Siku hizi sheria inataka kila programu ikiwaka imtaje aliyeiandika. Kila asubuhi kifaa cha kusikia cha mama kilisema, "Nimeandikwa na Riziki," naye akajibu, "Asante, mwanangu." Riziki, dada yangu, tulimzika mwaka jana.

Jana nilitoa toleo jipya la programu yake ya kifaa hicho, aliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta. Kwenye faili la maelezo nilibadilisha namba ya toleo, halafu, kwa kuwa natafuta kazi, nikafuta jina lake na kuandika langu.

Leo kikasema, "Nimeandikwa na Shaweji."

Mama akanigeukia akitabasamu. "Kumbe ni wewe! Na mimi nilikuwa namshukuru marehemu bure. Asante, mwanangu."

Nilifungua mdomo niseme ukweli.

"Karibu, mama."