Kifua cha Pili

Tangu wazaliwe kabla ya wakati wao, Mwajabu alikuwa akiwatazama pacha wake kupitia kioo cha mashine ya joto. Leo nesi alikubali mtoto mmoja atolewe, alazwe kifuani mwa mama yake, apate joto la mwili wake.

"Na mwenzake?" Mwajabu aliuliza.

"Kesho. Wote wawili hutawaweza."

"Kesho, kesho! Kila siku kesho!" Mwajabu alifoka, machozi yakimlengalenga. "Sasa mimi nimchague yupi?"

Shomari, mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia huku akifungua vifungo vya shati.

"Baba, wanaume hawaruhusiwi humu," nesi alimkanya.

"Basi nitoe wewe," alisema Shomari, akaketi kando ya mkewe, kifua wazi.

Nesi alikitazama kile kifua. Kisha akanawa mikono, akafungua mashine, na vilio viwili vyembamba vikatoka pamoja.