Mama Aliaye Kando ya Maji

Mama mmoja aliyaokota maneno kwa msusi, na tangu hapo hayakumtoka kichwani: huko wanakosema Kihispania kuna mama anayelia kando ya maji, akiwatafuta wanawe aliowapoteza. Wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani huko, msusi alisema, wakishamsikia hawarudi tena kwao.

Mama aliyeyaokota maneno hayo alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye binti mmoja tu. Na binti alikuwa anajifunza Kihispania.

Alijifunza chumbani, simu mkononi, mlango umerudishwa. Mama alishona upande wa pili, mguu ukisita kila sauti ilipopanda. *Mesa*, meza. *Ventana*, dirisha. *Agua*, maji.

"Kwao kila kitu kina jinsia, mama," binti alisema wakila. "Meza mwanamke. Ufagio mwanamke. Sufuria mwanamke."

"Na kochi?"

"Mwanaume."

"Nilijua. Ndiyo maana halinyanyuki."

Wakacheka. Wateja walikuwa wameadimika. Watu walinunua nguo zilizoshonwa tayari. Ilibidi mtu aende kutafuta riziki, na wakala wa ajira alikuwa na nafasi moja.

"Kuna hadithi ya yule mama wa mtoni kwenye masomo," binti alisema jioni moja. "Nakwama palepale kila mara. Analiaje vile?"

"*Ay, mis hijos*," mama akajibu, macho kwenye pindo. Ole, wanangu.

Binti akamkodolea macho. "Umejifunza wapi?"

"Mlango wako mwembamba, mwanangu."

Siku ya usaili, binti akiwa bado anapiga pasi gauni, mama alitangulia ofisini. Alimwambia wakala amwachie mwanawe. Alipoona Kiswahili hakimwingii, akamgeuzia Kihispania: meza, ufagio, watoto wa watu, vyote akamtupia usoni.

Wakala hakukasirika. Alivuta kiti. "Keti, mama," akasema. "Nafasi hii naona ni yako."

Mwezi haukuisha, mezani ikabaki sahani moja. Cherehani ikafunikwa shuka.

Basi wewe mama mwenzangu, epuka haya:

Usitege sikio mlangoni mwanao akisoma. Lugha haichagui masikio.

Usiokote maneno ya saluni ukayalaza nyumbani.

Usimgombeze wakala kwa ufasaha.

Usiseme "nitarudi upesi, mwanangu" naye kaling'ang'ania begi lako.

Na ukiosha vyombo vya watu, usilie karibu na bomba. Binti mdogo wa nyumba hii ninayofanyia kazi ameshawaambia wenzake kwamba yule mama wa mtoni siku hizi anakaa jikoni kwao.