Jiwe la Sascha

Kibandiko cha kijani kilikuwa kimegandishwa juu ya jiwe la kaburi, kama vinavyobandikwa kwenye magari yaliyotelekezwa: *Muda umekwisha. Wenye kaburi wafike ofisini.* Roswitha Kowollik alikisoma mara mbili, akatua ndoo yake ya kumwagilia maua, akaenda. Hakuhisi kitu. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka ishirini.

Pale Herne, Ujerumani, kaburi si la milele. Muda ukiisha, ndugu huamua: waongeze miaka, au jiwe ling'olewe na nyasi zipandwe.

Karani, Bwana Overbeck, alikuwa akinywa kahawa katika kikombe chenye nembo ya klabu ya mpira. Alipoliona jina kwenye faili akasimama.

"Kowollik? Usiniambie wewe ndiye mama yake Mirko!"

"Ndimi."

"Mirko Kowollik, nahodha wa taifa zima! Hee, leo mke wangu ataniita mwongo." Akamvutia kiti. "Kumbe hili ni kaburi la pacha wake, Sascha. Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

Overbeck alikuwa shabiki, na shabiki hana breki za mdomo. Akaanza kumsimulia Roswitha habari za nyumba yake mwenyewe. Baba mchimba makaa. Mapacha waliofanana kama shilingi kwa ya pili, mmoja kipaji kitupu, mwingine akiwekwa golini kwa kukosa pa kuwekwa. Shule ya mpira ikamchagua mmoja. Siku nne kabla ya safari, barafu ya bwawa la mgodi ikapasuka, Sascha akazama.

"Na bado mtoto wa watu akaenda! Nduguye hana hata wiki kaburini. Wanasema mwaka wa kwanza alicheza kama hajawahi kugusa mpira. Hata ule mguu wake wa kushoto akauacha, akaanza upya na wa kulia. Majonzi si mchezo, mama."

"Ndivyo wanavyosema."

"Lakini akakaza! Wa kwanza kufika mazoezini, wa mwisho kuondoka. Leo yuko wapi?"

Roswitha alitazama dirishani. Alikumbuka jikoni mwao siku ile. Mumewe, Günter, ndiye aliyekwenda kuitambua maiti, peke yake. Günter alirudi, akasema, "Jina nimeshawaandikisha," akaketi, akala supu ya njegere mpaka ikaisha. Mtoto aliyebaki alikuwa upande wa pili wa meza, hajaugusa mkate wake.

"Jumatatu unaondoka," Günter alimwambia. "Hatuwezi kuzika mtoto na bahati pamoja."

Hakuna aliyelia. Tangu siku ile Roswitha hakulia tena kwa jambo lolote.

"Basi tunaongeza miaka mingine ishirini," Overbeck alisema, kalamu mkononi. "Klabu imeshaandika barua kwamba itatusaidia kulitunza. Mashabiki huja kuweka skafu pale kila msimu wa baridi."

"Hapana. Ling'oeni."

"Unasemaje?"

"Jiwe. Liondoeni. Aliyelala chini hamumgusi?"

"Hatumgusi, anabaki palepale. Lakini jina litapotea! Mama, mwenzake picha yake imejaa ukuta mzima wa stesheni, na huyu mmnyime hata jiwe? Si mwanao huyu?"

"Ni mwanangu."

"Na nahodha anasemaje? Maana nasikia hajawahi kukanyaga hapa."

"Hapendi kuliona jina lile. Alishaniambia zamani: siku ikifika, waling'oe."

Overbeck akatikisa kichwa. "Na mzee?"

"Mzee angeongeza miaka. Alikufa mwaka jana, vumbi la mgodi lilimla mapafu. Sasa sahihi ni yangu."

Karani alimsogezea karatasi bila kumtazama. Roswitha alijua mji utasema nini: mama amemkumbatia mwenye sifa, akamtupa marehemu. Aliweka sahihi.

Alhamisi walikuja wanaume wawili na mitaimbo. Jiwe liliwasumbua kidogo, kisha likalegea, wakalibeba hadi kwenye lori na kulilaza kifudifudi. Mmoja alimvulia kofia. Roswitha aliwashukuru, akangoja hadi mlio wa lori ulipopotea nyuma ya kanisa.

Hapo ndipo alipopiga magoti kwenye udongo mtupu, akaweka kiganja mahali palipokuwa na jiwe. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, machozi yalimtoka.

"Haya, Mirko wangu," alimwambia aliyelala mle chini. "Jina la ndugu yako wamekuondolea."